Bafu la Bwana Afya

Bafu lilikuwa jeupe kuliko kitu chochote pale shambani, na Bi Funguo alilijua hilo, na alipenda wengine nao walijue. Vigae vilipanda ukutani hadi juu ya kichwa cha mtu mrefu. Kulikuwa na vyumba vinne vya kuogea, kila kimoja na bomba lake la mvua na pazia lake la plastiki. Kwenye rafu zilipangwa sabuni ambazo karatasi zake hazijachanwa, na taulo zilizokunjwa zikakunjika. Mlangoni, kwa nje, palining'inia kufuli. Ufunguo wa kufuli hilo ulikaa shingoni kwa Bi Funguo, umefungwa kwa kamba ya kiatu, na ndiyo sababu wanyoaji wa kondoo walimpa jina hilo wakalisahau lile alilopewa na wazazi wake.

Lilijengwa kwa ajili ya Bwana Afya. Wanunuzi wa sufu walikuwa wameanza kudai cheti cha kuonyesha kwamba watu wanaonyoa kondoo wana mahali pa kuoga, na Bwana Afya ndiye aliyetia sahihi cheti. Mwenye shamba akajenga, wala hakubana mkono. Halafu nyapara akapiga hesabu yake ya kinyapara: bafu likiogewa litachafuka, na likichafuka Bwana Afya hatatia sahihi. Akaenda dukani akanunua kufuli.

"Hili ni bafu la Bwana Afya," alimwambia Bi Funguo siku ya kwanza. "Wewe ndiye mlinzi wake. Nikikuta unyoya mmoja humo ndani tutakosana."

Hawakuwahi kukosana. Kila siku Bi Funguo alipiga deki sakafu ambayo haikukanyagwa na mtu, akapangusa mabomba yasiyofunguliwa, akakung'uta taulo zisizojua mgongo wa mtu. Bwana Afya alipokuja kukagua, alipitisha kidole kwenye kigae, akakitazama kidole, akatabasamu. Mwaka uliopita alisema kwamba kila shamba analokwenda humtaja mama huyu kuwa mfano. Bi Funguo aliyabeba maneno hayo mwaka mzima.

Ng'ambo ya uwanja, nyuma ya banda la kunyolea, ndiko walikolala wanyoaji. Huko Bwana Afya hakuwahi kufika. Kila alipoanza kusogea, nyapara alimkumbusha kwamba chai inapoa. Lilikuwa bweni refu la mabati lenye vitanda vya kupandana, na magodoro yake yalikuwa magunia yaliyoshindiliwa sufu ya matumboni, ile chafu isiyouzika, pamoja na kupe wake. Choo kilikuwa shimo nyuma ya jiko, na inzi hawakuwa na safari ndefu kutoka huku kwenda kule. Maji yaliletwa kwa gari yakamwagwa kwenye pipa moja, lenye kikombe kimoja kilichofungwa mnyororo kama mbwa mkali. Yalikuwa ya kunywa na kupikia tu. Atakayeonekana anajiosha pale, nyapara alikuwa ameshasema, afungashe virago. Na kila msimu watu waliharisha, na kila msimu waliambiwa ni ulafi.

Ungedhani watu kama hao wangelivamia bafu kwa mashoka. Wapi. Wanyoaji wana imani yao. Sufu mbichi ina mafuta, na anayenyoa kutwa nzima humganda mikononi, yakapanda mabegani, yakamwingia kifuani. Wakongwe wa kazi husema hiyo ni ngozi ya pili ya mnyoaji. Ukiiosha katikati ya msimu mikono itapasuka, mashine itakuteleza, na baridi itakuingia mgongoni usiinuke tena. Basi mnyoaji haogi. Hujifuta kwa konzi ya sufu ya tumboni. Akijikata hubandika sufu, akiungua hubandika sufu, akiwashwa hujisugua sufu. Kondoo wa mwisho akishanyolewa ndipo hupakiwa wote kwenye lori kwenda mtoni, wakinuka hata samaki wahame.

Bi Funguo hakuwahi kunyoa hata kondoo mmoja, lakini imani hiyo aliishika kuliko wenyewe, kwa kuwa ilimlindia bafu. Alipopita penye wanyoaji wakila kwa mikono inayong'aa mafuta na mavi ya kondoo kwenye kucha, alisema, "Haya, wanaume, msije mkanawa mkafa," nao wakacheka, naye akacheka, akarudi kwenye weupe wake.

Watu wawili tu pale shambani hawakumwita Bi Funguo. Mmoja alikuwa binti yake, mpishi wa wanyoaji, mwanamke mwenye ulimi wa haraka na mkono mzuri wa chumvi, aliyekuwa na mimba inayoanza kuonekana. Wa pili alikuwa mume wa binti, mnyoaji mgeni wa kazi, ambaye wenzake walimbatiza Bwana Harusi kwa sababu ndoa ilikuwa bado mbichi na alikuwa haachi kuchungulia jikoni. Hao walimwita Mama.

Bi Funguo alimpenda mkwewe kuliko alivyomwonyesha. Mkwe na mama mkwe wana mipaka yao, na kijana huyu aliijua kama aliyezaliwa nayo. Hakukaa naye benchi moja. Hakumtazama usoni. Alipotaka kumpita alisubiri apishwe, na akiambiwa jambo mara moja halirudiwi. "Mkwe wangu hana neno la pili," Bi Funguo alipenda kuwatambia wanawake wengine, na kweli hakuwa nalo.

Siku iliyotangulia ukaguzi, kundi lililonyolewa mwanzo lilipelekwa joshoni. Josho lilikuwa handaki la saruji nyuma ya mazizi, limejaa maji ya dawa ya kupe na upele, meupe kama maziwa yaliyoharibika. Kondoo husukumwa upande mmoja, wakaogelea, wakatokea upande wa pili wakipiga chafya. Upele wa mwaka jana ulikuwa haujaisha, kwa hiyo nyapara alimwaga dawa maradufu. Wasukumaji wakapungua, akamtoa Bwana Harusi kwenye mashine akampa mti wa kusukumia.

Bi Funguo hayo hakuyaona. Alikuwa amepiga magoti bafuni anasugua mstari wa saruji katikati ya vigae kwa mswaki wa meno. Alichosikia ni kicheko kikubwa kutoka joshoni, akajisemea kwamba wanaume wakipata upuuzi kazi hailali tu, inakufa. Baadaye ndipo aliposimuliwa kwamba dume mmoja aligeuka ukingoni, akampiga kijana magotini, wakatumbukia wote wawili, na kijana akazama kichwa na nywele akaibuka amemshika yule dume pembe. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Hata kijana mwenyewe alicheka.

Alipoinua macho kutoka kwenye vigae, Bi Funguo aliona miguu kwanza. Miguu mitupu, imeloa, imesimama kwenye ngazi aliyokuwa ametoka kuipangusa. Maji meupe yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye suruali na kufanya kidimbwi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umefanya nini mwanangu?"

"Nimetumbukia joshoni." Alikuwa ameangalia pembeni, kama kawaida yake. Harufu ya dawa ilimtangulia ndani. "Samahani kukusumbua, Mama. Naomba nijimwagie maji mara moja tu. Inaniwasha kidogo. Nikimaliza nitapasafisha mwenyewe."

Bi Funguo aliitazama sakafu nyuma yake. Ilikuwa imekauka. Ilikuwa inang'aa kiasi kwamba dirisha lilionekana ndani yake.

"Kesho Bwana Afya anakuja, baba," alisema, na alisema kwa upole, hakumkaripia. "Ndio nimemaliza. Nikikuingiza wewe na hiyo sufu, sitapamaliza leo. Wenzako misimu na misimu hawaogi na hawajafa. Nenda kwa Mzee Mkasi akufute na sufu vizuri. Kesho, Bwana Afya akishaondoka, nitakufungulia, uoge mpaka uchoke."

"Sawa, Mama. Samahani, Mama."

Akarudi nyuma hatua kadhaa bila kumpa mgongo. Halafu, na hili ndilo litakalomrudia Bi Funguo kila atakapofumba macho, akainama, akavua shati lililoloa, akalikamua mbali, akaifuta nalo ngazi pale alipokuwa amesimama. Aliifuta vizuri. Kisha akaenda.

Mzee Mkasi, kiongozi wa wanyoaji, alikuwa na mgongo uliopinda kama mpini wa ndoo na moyo usio na ubaya. Alimkalisha kijana juu ya gunia, akachukua sufu ya tumboni yenye mafuta mengi, akamsugua mgongo, kifua, shingo na nywele. Mafuta yazuie dawa isiingie, alisema, na wote waliokuwepo wakaitikia, maana ndivyo walivyofundishwa nao walipokuwa wageni. Walimpaka hadi akang'aa. Kisha kengele ikalia, naye akarudi kwenye mashine na suruali ile ile.

Mchana macho yakaanza kumtoka machozi. Wenzake wakamtania kwamba analilia jiko. Akaanza kutema mate, mate yasiyokwisha, wakamtania kwamba mimba ya mkewe imehamia kwake. Alimkata kondoo ubavuni, yeye ambaye mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko yote bandani, na mashine ikamwanguka. Nyama za mikono yake zilikuwa zinachezacheza chini ya ngozi kama maji yanayokaribia kuchemka. Hapo hakuna aliyetania tena. Akakaa chini katikati ya sufu, akatapika, na pumzi ikaanza kukoroma kifuani.

Binti alifika bafuni akiwa na mwiko mkononi, hajui kwamba ameushika.

"Mama, fungua."

"Kuna nini?"

"Fungua, Mama. Mzee Mkasi anasema tumwoshe. Fungua."

Nyuma yake walikuwa wanakuja, wamembeba Bwana Harusi kwenye ubao wa kupangia sufu. Ufunguo ulikuwa shingoni, kufuli lilikuwa mlangoni, na kati ya hivyo viwili kulikuwa na mikono ya Bi Funguo. Alikosa tundu mara ya kwanza, akakosa tena. Binti akamnyang'anya, akafungua yeye.

Walimlaza juu ya vigae. Mzee Mkasi akaikata suruali kwa mkasi wa mkono kuanzia kifundo hadi kiunoni, kwa mkupuo mmoja, jinsi alivyozoea kumvua kondoo nguo yake. Bi Funguo akageuza uso ukutani, kwa kuwa mama mkwe hatazami. Alisikia bomba likifunguliwa. Lilikoroma, likatapika kutu, kisha maji safi yakaja, mengi, ya moto, kwa sababu tangi lake lilikuwa limejaa siku zote likingoja.

"Haitoki," binti alikuwa anasema. "Sabuni haishiki. Mama, haitoki."

Ndipo akageuka. Haya gani tena. Akapiga magoti akachana karatasi ya sabuni, na nyingine, na nyingine. Mafuta ya sufu yalikuwa yameifunika ngozi yote, na chini ya mafuta ilikuwepo dawa, imetulia, imefungiwa humo tangu asubuhi. Maji yaliyatelezea tu. Akamsugua mabega kwa taulo za Bwana Afya, akamsugua nywele, akamsugua miguu ile aliyoiona kwenye ngazi. Povu lilikuwa la kijivu. Nyuzi za sufu zilijazana kwenye tundu la kutolea maji, na maji yakaanza kupanda.

Binti alikuwa amempakata kichwa. "Kwa nini hukuja kuoga?" alimuuliza, karibu amkaripie, kama anavyokaripiwa mtu atakayeishi. "Bafu hili hapa. Mama huyu hapa. Kwa nini hukuja ulipotoka joshoni?"

Macho ya kijana yalikuwa yamelegea, mboni zake ndogo kama ncha ya sindano, na haikujulikana yanaona nini. Yalitangatanga darini, ukutani, yakamfikia Bi Funguo. Kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yake, alimtazama usoni.

"Niliona haya," alisema, na mate yalimkatiza akaanza upya. "Niliona haya kumwomba Mama."

Bi Funguo akachana karatasi ya sabuni nyingine. Wakaja watu wakamwinua kijana, wakamfunika taulo, wakampeleka kwenye lori la sufu. Binti akapanda akakaa katikati ya marobota, kichwa cha mumewe mapajani, gauni lake limeloa maji ya dawa hadi kifuani. Lori likaondoka. Nyapara akaja akachungulia bafuni, akapiga mluzi wa chini kwa chini.

"Pole sana," alisema. "Ataamka huyo, bado kijana. Sasa hapa, Bi Funguo, hata sijui utaanzia wapi. Lakini anza."

Hakuanza. Si kwamba alikuwa amekata shauri lolote. Alichukua ndoo, akaweka brashi ndani ya ndoo, akakaa kwenye ngazi ya mlango na ndoo kati ya miguu. Lori liliporudi asubuhi, ndoo ilikuwa bado pale pale, kavu.

Binti alishuka peke yake kutoka kiti cha mbele. Haikuhitajika kuuliza. Alikuwa ametumwa nguo nzuri za marehemu, zile za harusi, na alikuja akampita mama yake, akarudi, akakaa naye kwenye ngazi. Gauni lilikuwa lile lile, limekaukia mwilini na kukakamaa.

"Walisema dawa imepita kwenye ngozi," alisema. "Nesi aliuliza kwa nini mmempaka mafuta. Akasema yameishikilia. Akasema angeoga pale pale alipotoka joshoni, saa hizi angekuwa amekaa anakula." Alikuwa anakwaruza kucha moja kwa nyingine. "Na mimi kaniambia nikaoge mwili mzima, kwa sababu ya mtoto. Nilinawa mikono tu, sikuwa na nguvu."

"Mwanangu."

"Ni haya tu, Mama. Unamjua alivyokuwa. Angekuomba tu. Neno moja." Akalaza kichwa begani kwa mama yake, akaanza kulia, na Bi Funguo akamshika, akaukumbuka uzito wa kichwa kile tangu kilipokuwa kidogo, akajua kwamba hakuna anayejua. Waliojua walikuwa wawili, na mmoja alikuwa ameifunika siri akaenda nayo. Mkwe wake hana neno la pili. Alikuwa amempa zawadi, na angeweza kuipokea kwa kunyamaza tu. Alimkumbatia binti yake kwa nguvu na akatamani Bwana Afya asije kamwe.

Lakini gari lilikuwa limeshaingia uwanjani.

Bwana Afya alikuwa mtu mpole wa viatu safi, na alianza kutabasamu kutoka mbali. "Vipi, mama wa mfano," alisema. Kisha akaingia, na tabasamu likakaa usoni kwa muda halina kazi.

Maji ya kijivu yalikuwa yameganda sakafuni na juu yake ngozi ya mafuta. Sufu ilikuwa imeziba tundu. Karatasi za sabuni zilitapakaa, taulo zilikuwa marundo meusi, na kwenye kigae, chini kidogo ya rafu, kulikuwa na alama ya mkono uliojaribu kushika.

"Kulitokea ajali," nyapara alisema haraka, akamsimulia, na usimulizi wake ulikuwa umeshapigwa pasi. Dume, josho, kijana mgeni. "Lakini kama unavyoona, bafu lipo, maji yapo, sabuni zipo, na mwenye ufunguo alikuwepo hapa hapa. Yeye mwenyewe ndiye hakutaka. Hawa watu, bwana, maji na wao ni maadui. Mwulize mkewe. Kabla hajakata kauli alisema mwenyewe."

Bwana Afya akamgeukia binti. "Pole sana, mama. Ni kweli alisema?"

Binti akajifuta uso. "Alisema aliona haya kuomba."

"Aliona haya." Bwana Afya alitikisa kichwa kwa huzuni, na huzuni yake ilikuwa ya kweli, na vilevile ilikuwa na nafuu ndani yake. Akatoa kalamu. "Basi huu ni uzembe wake mwenyewe, Mungu amrehemu. Elimu bado inahitajika. Bafu nitaandika ni chafu, siwezi kuandika vingine, lakini hilo ni la kusafisha tu. Kesho kutwa nitapita tena."

Ilikuwa imekwisha. Nyapara alikuwa ameshaanza kuitaja chai. Kijana angezikwa na uzembe wake, sakafu ingesuguliwa, kufuli lingerudi, na msimu ujao mnyoaji mwingine mgeni angesimama kwenye ngazi hii akichuruzika. Bi Funguo aliona yote hayo waziwazi. Aliona pia kichwa cha binti yake, kilichokuwa begani kwake muda mfupi uliopita, na akajua kwamba hakitarudi hapo. Akapiga moyo konde.

"Aliomba," alisema.

Nyapara akamkazia macho. "Bi Funguo, umechoka. Kapumzike."

"Aliomba. Alisimama pale ulipokanyaga wewe. Aliniamkia, akaniomba ajimwagie maji mara moja tu, akasema atapasafisha mwenyewe. Mimi nikamwambia kesho. Nilikuwa nimeshapiga deki." Sauti yake ilikuwa kavu, na aliishangaa. "Nikamwambia akajifute sufu. Alinisitiri tu aliposema vile."

Bwana Afya alikuwa ameinua kalamu na hakuishusha.

"Bafu hili lilikuwa linafungwa?" aliuliza.

"Tangu lijengwe. Jana ndiyo mara ya kwanza mtu kuoga humu." Akamtazama. "Wewe kila ulipokuja ulikuta sabuni zile zile hazijachanwa. Ulipitisha kidole, ukakuta pakavu, ukafurahi. Mimi sikusoma. Na wewe hukujiuliza?"

Bwana Afya alitazama kidole chake, bila kukusudia labda. Kisha akaomba aonyeshwe bweni. Nyapara akasema chai inapoa. Bwana Afya akasema ipoe, akatoka, akaanza kuvuka uwanja kwa viatu vyake safi, na nyapara akamfuata, ila kwanza alimgeukia Bi Funguo akamwambia kwamba hana kazi tena, auache ufunguo mezani. Maneno hayo yalipita kama gari la watu wengine.

Wakabaki wawili. Bi Funguo hakuthubutu kugeuka. Alitazama alama ya mkono kwenye kigae na kungoja kupigwa, au kutukanwa, na angeshukuru kwa chochote kati ya hivyo. Binti hakupaza sauti.

"Bi Funguo," alisema.

Alilisema kama walivyolisema wanyoaji wote, bila ukali, kama jina la mtu wa kazini tu. Alikuwa ameinamisha macho, ameyaelekeza pembeni, na mikono ameishika mbele ya tumbo.

"Samahani kukusumbua. Naomba nijimwagie maji. Nesi alisema nisichelewe."

Mlango ulikuwa wazi. Angeweza kuingia bila kuomba, na hakuna mtu duniani ambaye angemzuia. Bi Funguo aliivua kamba ya kiatu shingoni, ikanasa kwenye nywele, akaivuta ikaja na nywele, akampa ufunguo. Binti aliupokea kwa mikono miwili, kwa adabu, jinsi mtu anavyopokea kitu kutoka kwa mgeni. Akasubiri apishwe.

Bi Funguo akasogea kando, akampisha. Mlango ukafungwa kwa ndani, na baada ya muda maji yakaanza kusikika.